Kula Ushibe, Nna Neno Nawe

Ishaq bin Marhoon alitua Maskati mwezi wa Oktoba mwaka 1970 na mizigo miwili. Mmoja ulikuwa sanduku la makoti ya baridi, yaliyomfanya hata hamali wa uwanja wa ndege amwonee huruma. Wa pili ulikuwa bati la duara, bapa mfano wa sinia, ambalo hakukubali mtu mwingine alishike. Ndani ya bati mlikuwa na filamu ya nusu saa, kipande kimoja cha mchezo wa kijasusi uliokuwa ukionyeshwa kwenye televisheni ya Uingereza kila Ijumaa. Mchezo uliitwa Mlango wa Nyuma, na Ishaq, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa mmoja wa waandishi wake wakubwa.

Kauli hiyo aliitoa kwa barua, na kwenye barua mtu hana wa kumkatiza. Debe shinda haliachi kutika, na Ishaq alitika kutoka London mpaka Matrah, ubavuni mwa Maskati, kwa miaka sita. Ukweli ni kwamba alikwenda Uingereza kusoma sheria. Januari ya 1964 Unguja ikapinduka, posho yake ya masomo ikapinduka nayo, na mama yake, Bi Nasriya, akapanda meli na bintiye Kheiria wakaja Maskati. Ishaq aliomba ruhusa awafuate. Serikali ya wakati ule haikuwa na haja na vijana waliosoma Ulaya, akajibiwa kwa kutojibiwa, mpaka mwaka 1970 alipokuja Sultani mpya. Katika sheria alikuwa amejifunza vizuri kitu kimoja tu, kupiga taipu, na kwa elimu hiyo akaajiriwa na kampuni ya televisheni kuyapiga taipu maneno ya majasusi.

Kazi yenyewe ilikuwa na rangi zake. Hadithi ilianza kwenye karatasi nyeupe. Mtu akiibadilisha, kurasa zilizobadilika zilipigwa taipu upya kwenye karatasi ya waridi. Akija mwingine akabadilisha mabadiliko, buluu. Kisha njano, kisha kijani. Hadithi ilipofika mbele ya kamera ilikuwa na rangi nyingi kuliko doti ya kanga, na hakuna aliyekumbuka jasusi alikuwa anatafuta nini. Ishaq ndiye aliyezipiga rangi zote hizo, na kwa muda mrefu mchango wake kwenye sanaa ulikuwa ni kuhakikisha kwamba mtu aliyeuawa kwenye ukurasa wa waridi haombi chai kwenye ukurasa wa buluu.

Mkubwa wa hadithi alikuwa mzungu mmoja aitwaye Dudley, ambaye hawezi kufikiri bila ya yai la kuchemsha mkononi. Siku moja Dudley aligundua kwamba mpiga taipu wake anatoka "kule". Kule kwa Dudley kulianzia Moroko na kuishia Java. Tangu siku hiyo kila hadithi ya kule ikapitia kwa Ishaq. Aliulizwa ngamia anapandwa upande gani, naye, mtoto wa Malindi mjini Unguja ambaye hajapata kupanda hata punda, akajibu bila ya kupepesa macho.

Ndipo akapewa kuandika jambazi. Majambazi watatu aliowaandika walirudi wote na alama za yai. "Jambazi wako anasema 'Utakufa, Crispin!'" alilalamika Dudley. Crispin ndiye aliyekuwa jasusi. "Crispin anaambiwa hivyo kila Ijumaa, amezoea. Hebu niambie, wewe nani aliwahi kukutisha ukatishika kweli?"

Ishaq hakuhitaji kufikiri. Alikuwa mama yake.

Bi Nasriya hakuwa mtu wa fimbo wala makelele. Ukimkosea, alikuita ndani, akakuwekea sahani ya wali na samaki, akakaa mbele yako, akakunja pembe ya kanga yake, akakusogezea sahani kwa vidole viwili. Halafu akasema, kwa upole kabisa: "Kula ushibe, nna neno nawe." Basi. Utotoni Ishaq hakupata kulisikia neno lenyewe, kwa sababu kabla ya sahani kufika nusu alikuwa keshaungama kila kitu, pamoja na yale ambayo mama alikuwa hana habari nayo.

Aliyaandika hayo mchana mmoja, na hapo akazaliwa Bibi Zafarani, jambazi mnene mwenye manukato, mkaazi wa mji wa mafuta usiokuwemo kwenye ramani yoyote. Alimfunga jasusi kwenye kiti, na kabla ya kumuuliza lolote akamlisha. Dudley aliliacha yai likapoa. Alifuta jambo moja tu. Ishaq alikuwa ameandika kwamba Crispin, akiletewa kahawa, hakitikisi kikombe, na maadamu mgeni hajatikisa kikombe kuonyesha kwamba ametosheka, mwenyeji hana ruhusa ya kuacha kumimina, seuze kumuua. Crispin akaokoka kwa kunywa mpaka asubuhi. Dudley alilifuta kwenye ukurasa wa buluu. "Watazamaji watadhani ana kiu," alisema.

Likabaki suala la lugha. Bibi Zafarani na watu wake walitakiwa mara moja moja waseme "lugha yao", na kwa kuwa mji wao haukuwepo, lugha yao haikuwepo pia. Dudley alikuwa amesimama mlangoni akiangalia saa. Ishaq akawapa Kiswahili cha nyumbani, chochote kilichomjia, moto moto. Nani London angejua? Alijiona mjanja, na kwa miaka yote iliyofuata hakuna aliyemwonyesha kwamba si mjanja.

Sasa turudi Matrah. Huko Bi Nasriya alikuwa na jirani, Bi Masouda, jirani yake tangu Unguja. Madirisha yao ya Malindi yalitazamana kwenye kichochoro, na Mungu kwa rehema zake akawakutanisha tena Matrah, mlango kwa mlango. Bi Masouda alikuwa na kijana, Aflah, fundi mkubwa wa mitambo Kuwait, ambaye hutuma picha amesimama mbele ya mashine. Bi Nasriya hakuwa na picha ya mashine. Alikuwa na barua za Ishaq, na kwa barua hizo alijenga heshima yake yote ya ugenini. Mwanangu anaandika televisheni. Mwanangu Uingereza nzima humngojea Ijumaa. Miaka sita aliyasema hayo kwenye kila arusi na kila hitima, katika mji usiokuwa na televisheni hata moja.

"Televisheni nimeisikia," alisema Bi Masouda siku ya tatu ya kufika kwa Ishaq, ameketi na kikombe chake. "Kuiona, bado. Kumbe mtoto kaja na sinema yake kwenye bati? Basi Mahfoudh wangu, mdogo wake Aflah, ndo mwenye mashine ya sinema kule kambi ya mafuta. Nitamwambia ailete, sote tuone. Au vipi, Nasriya?"

"Ailete," akasema Bi Nasriya, shingo juu. "Na wanawake wote waje."

Ishaq angeweza kusema filamu imeharibika njiani. Lakini mwenye kujisifu akipewa kiti hukaa. Bati hilo alilichagua kuliko mengine kwa sababu ndilo pekee lenye jina lake: lilipita mwisho kabisa, baada ya msusi wa nywele na mtunza mbwa, lakini lilipita. Alitaka lionekane. Aliona taabu moja tu, nayo ilikuwa kubwa. Ndani ya bati hilo mlikuwa na Bibi Zafarani. Mama yake akijijua mbele ya wanawake wa Matrah kwamba mwanawe alikwenda Ulaya kumfanya jambazi, heshima ya miaka sita itaanguka alasiri moja, na atakayeiangusha ni yeye Ishaq, kwa mkono wake, kwa taipu. Alijaribu kujituliza. Sinema ni ya Kiingereza, yeye ndiye mkalimani, atageuza panapotakiwa kugeuzwa. Kheiria anajua Kiingereza kidogo, lakini Kheiria ni dada yake, atamstiri.

Mahfoudh alifika baada ya sala ya alasiri na jenereta kwenye gari. Kwa kuwa nyumba imejaa wanawake, yeye na mashine yake waliwekwa upande wa pili wa pazia, na pazia likatobolewa tundu la kupitishia mwanga. Madirisha yaliwekewa mablanketi. Chumba kikawa giza na moto, vipepeo vya ukili vikipigwa kila upande. Ishaq, aliyeachwa ndani kwa kuwa ni mkalimani na mtoto wa nyumba, alisimama kando ya shuka nyeupe iliyotundikwa ukutani, amevaa suti. Suti hiyo ilikuwa ya sufu.

"Jasusi ndo nani?" aliuliza mwanamke mmoja gizani.

"Ni mtu anayechungua mambo ya watu kwa siri," Ishaq akaeleza.

"Basi tunao wengi humu."

"Wapi!" akasema Bi Masouda. "Mji huu mpaka juzi hapa ukitoka usiku bila ya fanusi unatiwa ndani. Jasusi gani huyo, ajifiche na fanusi mkononi?"

Walicheka. Ishaq naye alicheka, huku akihisi wivu kidogo, maana katika miaka sita ya mayai ofisini kwa Dudley hapakupata kusemwa neno zuri kama hilo.

Mashine ikaanza kunguruma. Muziki ukalia, Crispin akaruka ukuta, wanawake wakamsalia Mtume. Akaongea na mwenzake kwa simu na Ishaq akafasiri vizuri, sauti ikimtoka kifuani. Akatupa jicho kwa mama yake. Bi Nasriya alikuwa ameketi mbele kabisa, amevaa nguo ya arusi, akijipepea taratibu kama bibi arusi mwenyewe.

Crispin akapanda juu ya dari ya nyumba ya Bibi Zafarani. Akatokea mlinzi, pande la mtu mwenye kipara, mpiga mieleka wa London aliyepakwa rangi. Alimwona jasusi. Alitakiwa kupiga kelele ya hatari kwa lugha yao. Akavuta pumzi, na Ishaq, kabla mdomo ule haujafunguka, akakumbuka.

"Nasriya!" alinguruma mlinzi. "Kuku wako yuko kwangu!"

Vipepeo vilisimama. Maneno hayo Bi Masouda aliyapiga dirishani karibu kila asubuhi ya utoto wa Ishaq, na sauti ilikuwa ile ile, hata ule mkwaruzo wa mwisho. Ishaq alimfundisha mpiga mieleka siku nzima mpaka akaupata. Alipanga kila hila ya Kiingereza, akasahau kwamba Kiswahili chake, katika dunia nzima, alikuwa amekileta kwenye chumba kilichojaa wanawake waliokulia Unguja.

"Funga mlango, paka ataingia!" alijibu mlinzi wa pili, akafyatua bunduki.

"Wali unaungua! Wali unaungua!" walipiga kelele wote wawili wakikimbia ngazini.

Chumba kiliripuka. Wanawake waliangukiana. Mtu alipiga kigelegele. Upande wa pili wa pazia Mahfoudh alisikika akicheka mpaka picha ikatikisika. "Mimi huyo!" Bi Masouda alikuwa akilia kwa kicheko. "Wallahi mimi huyo, na kipara!" Ishaq alijaribu kufasiri. Alinyanyua kidole na kusema kwamba hapo mlinzi anatoa tahadhari, na hakuna aliyemsikiliza, kwa kuwa hakuna aliyehitaji.

Kisha akaingia Bibi Zafarani. Kicheko kikapungua chenyewe, maana mwanamke yule wa Kizungu alikuwa amefundishwa kutembea, na aliyemfundisha alijua anamfundisha nini. Alisema kitu kwa Kiingereza.

"Anasema karibu mgeni, nyumba ni yako," alifasiri Ishaq, jasho likimwingia machoni.

"Hakusema hivyo, kaka," akasema Kheiria. "Kasema atamtia kwenye tangi la pweza."

Naam, dada wa kumstiri mtu. Bibi Zafarani akaketi mbele ya jasusi. Akakunja pembe ya mtandio wake. Akasogeza sahani kwa vidole viwili. Ishaq alifumba macho.

"Kula ushibe," alisema mwanamke wa Kizungu, kwa upole kabisa. "Nna neno nawe."

Hakuna aliyecheka. Wanawake wote waligeuza shingo kumtazama Bi Nasriya. Kipepeo chake kilikuwa kimelala mapajani. Ishaq alitamani apatikane Crispin wa kuruka naye ukuta. Aliona haya ambayo hakuwahi kuiona, haya ya mtu mzima aliyevuliwa nguo na mikono yake mwenyewe.

Kilichobaki kilipita chenyewe. Kamba zikakatika, pweza akaponea chupuchupu, Bibi Zafarani akakimbia kwa gari, gari likakata kona ya jabali likatumbukia baharini. Muziki ukapanda. Majina yakaanza kupita, na Mahfoudh akazima mashine.

"Bado!" Ishaq akapiga kelele. "Jina langu linakuja!"

"Kambini hakuna anayesoma majina," alijibu Mahfoudh nyuma ya pazia. "Ikifika hapo wote wanakwenda kula."

"La nini jina, baba?" akasema Bi Masouda, akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Si kuku keshakutaja." Akanyanyuka, akamkamata mkono Bi Nasriya. "Aflah wangu ana mashine kubwa Kuwait, sikatai. Lakini mashine yake haijapata kuniigiza mimi."

Wakaondoka, mmoja mmoja, kila mmoja akifika mlangoni anasema kwamba paka ataingia. Kheiria aliteremsha mablanketi na jua la magharibi likaingia. Bi Nasriya aliitungua shuka ukutani, akaikunja polepole, pembe kwa pembe. Akaenda jikoni. Akarudi na sinia.

Wali na samaki. Aliweka sahani mkekani, akaketi mbele ya mwanawe, akakunja pembe ya kanga, akasogeza sahani kwa vidole viwili.

"Kula ushibe," alisema. "Nna neno nawe."

Ishaq alikuwa na umri wa miaka thelathini, amevaa suti ya sufu. Alikula tonge la kwanza akaanza kuungama. Alisema si mwandishi mkubwa. Alisema alikuwa mpiga taipu, na hata alipoandika, mwingine alibadilisha, na mwingine akabadilisha mabadiliko. Alisema hajui hata ngamia anapandwa upande gani. Alisema kuku ni kosa lake, asilaumiwe mzungu. Mama alimimina kahawa. Ishaq akanywa, akarudisha kikombe bila ya kukitikisa, akamiminiwa tena, akaendelea. Alisema kwamba mwaka ule wa kwanza, baada ya nchi kupinduka, alianza kuisahau sauti yake, sauti ya mama, na jambo hilo lilimtisha kuliko njaa. Alipoambiwa aandike jambazi aliandika mtu pekee ambaye alitaka kumsikia. Akanywa. Akamiminiwa. Moyo ulikuwa unakwenda mbio, nusu kwa kahawa na nusu kwa woga, na mwisho tumbo likakataa. Akanyoosha mkono, akakitikisa kikombe.

Bi Nasriya alikipokea akakishika.

"Amekufa?" aliuliza.

"Nani, mama?"

"Mimi. Pale gari lilipoingia baharini."

Ishaq alimtazama. Hakuna hasira usoni mwa mama yake. Palikuwa na kitu ambacho hakukijua, kwa sababu utotoni hakupata kufika mpaka kwenye neno lenyewe.

"Hukufa," alisema. "Walitaka waonyeshe maiti yako imetupwa ufukweni. Nikakataa. Nikawaambia kwetu maiti ya mwanamke haitazamwi na wanaume wa kando. Miaka sita nimegombana nao, na nimeshinda mara hiyo moja tu."

"Kwa hiyo hawakuniona."

"Hawakukuona. Ukarudi mwezi uliofuata, umekasirika zaidi."

"Nikamlisha tena yule masikini?"

"Kila ulipomkamata. Ulimlisha mpaka mwaka huu."

Bi Nasriya alikizungusha kikombe mkononi, akitazama chini yake kama mtu aliyeona doa.

"Miaka sita nimekaa hapa," alisema, "nikila tonge nnajiuliza, huko alipo nani anamwambia mwanangu ale." Akapangusa jicho kwa pembe ile ile ya kanga. "Neno lenyewe ndo hilo tu."

Halafu akanyanyua dele la kahawa, na kikombe ambacho kilikuwa kimeshatikiswa akakijaza tena. Ishaq akanywa.